Fundi kapiga window, kazi za miaka minne zimekwenda. Laptopu mpya niigaweje C na D?

MamaStationari
Wakuu habari za jioni. Nina stationari ndogo hapa Morogoro: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti, mitihani ya shule za jirani. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa nzito, nachemsha chai nainywa ndiyo inawaka. Nikamwita fundi. Akaniuliza, "Mama, vitu vyako viko C au D?", zile sehemu mbili za diski. Nikajibu D, maana siku nainunua niliambiwa D ndiyo ya mafaili. Akapiga window, yaani akafuta C na kuweka Windows upya, akachukua hela yake, akaondoka. Usiku nafungua D nakuta muvi za Kihindi na nyimbo. Kazi zote nilikuwa nasevu Desktop na Documents, kumbe hizo ziko C! Kadi, mitihani, CV za watu, hakuna hata moja.

Sasa nimenunua laptopu iliyotumika, diski yake ni SSD (isiyo na sahani) ya GB 512. Ina C peke yake, inaonyesha 476 GB. Niigawe? C niiachie ngapi? Na programu kama Office na Photoshop nizihamishie D ili siku nikipiga window tena nisianze kuzitafuta? Naomba nielezwe kwa lugha ya kawaida, mimi si mtu wa IT.

Chuma Chakavu
Pole mama. Muvi za Kihindi hazijawahi kupotea kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Huwa zinakufa CV tu.

Mzee wa Kebo
Pole sana. Kwanza tuiache hiyo laptopu mpya. Ile ya zamani bado unaitumia? Kama diski yake ni HDD, ile ya sahani inayozunguka, izime sasa hivi na usiiwashe. Fomati ya haraka haifuti mafaili yenyewe, inafuta daftari linaloonyesha yalipo. Yanapotea kabisa pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake, na Windows ikiwa imewaka haiachi kuandika. Nitalirudia hili.

Sasa swali lako. Igawe, ndiyo, ila programu ziache C. Unaposakinisha Office haikai kwenye folda moja ukasema nimeibeba. Vipande vyake vingine viko Program Files, vingine ProgramData, vingine AppData chini ya jina lako, na juu ya yote inajiandikisha kwenye rejista ya Windows, daftari la programu na mipangilio, ambayo iko ndani ya C:\Windows. Ukipiga window upya, rejista nayo ni mpya, haimjui mtu. Folda ya Office pale D utaiona, GB imekula, lakini ukiibofya haifunguki. Utaisakinisha upya tu. Kinachofaa kukaa D ni visakinishi vyake na namba za leseni, basi.

Mtihani uliouchapa ni habari nyingine. Faili la Word halijali Windows imepigwa jana au mwaka juzi.

C iachie 170 hivi. Microsoft wanasema Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64, lakini hicho ni kiingilio cha mlangoni. Sasisho kubwa likija linaacha folda ya Windows.old inayokula nafasi kwa muda, na Photoshop ikifungua picha kubwa inaandika mafaili yake ya muda hapohapo C. Usifuate wale mafundi wanaoipa C 50, mwezi wa tatu ishakuwa nyekundu. Kuiongeza baadaye ni kazi: Windows inataka nafasi ya kuongeza iwe imepakana na C upande wa kulia, na mara nyingi hapo pamekaa kile kipande cha kurejesha mfumo.

Gemu Mpaka Asubuhi
Mzee wa Kebo hapo nakupinga. Gemu zangu za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ziko D, nimepiga window mara tatu, sijawahi kuzipakua upya.

Mzee wa Kebo
Steam ni kweli. Ukiisakinisha upya ukaionyesha folda ya zamani, inazikagua gemu na kuzipokea. Na zipo programu za kubebeka, zisizosakinishwa, hizo hata kwenye flashi zinafunguka. Ila mama ameuliza Office na Photoshop.

Mtoto wa Pwani
Niko Mombasa. Naona mnamfundisha kugawa diski na hamjagusa kilichomuumiza. D alikuwa nayo! Tatizo ni kwamba Windows haihamishi chochote yenyewe. Hata ukiwa na D, E mpaka Z, ukisevu Documents inakwenda C:\Users.

Mama, ukishaipata D, tengeneza ndani yake folda, iite KAZI. Ndani ya KAZI tengeneza Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Kisha bofya kulia kwenye Documents ya Windows, ingia Properties, kuna kichupo cha Location, bonyeza Move, ionyeshe D:\KAZI\Documents. Itakuuliza kama ihamishe yaliyomo, kubali. Fanya hivyo kwa zote nne. Baada ya hapo we sevu kama ulivyozoea, ile Desktop unayoiona mbele yako itakuwa inaishi D.

Tahadhari mbili. Usielekeze folda kwenye D:\ yenyewe tupu, kila moja iwe na yake, la sivyo zinaungana na kuzitenganisha ni maumivu. Pia kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inahifadhi Desktop yako, izime kwanza kwenye mipangilio yake, maana itang'ang'ania. Na atakayekwambia uhamishe folda nzima ya Users, mwambie asante, usifanye.

Penguini
Sisi wa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, tulishamalizana na hili zamani. /home, folda ya vitu vyako, unaipa patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski, unafuta mfumo unaweka mwingine, ukirudi hata picha ya ukutani iko palepale.

Chuma Chakavu
Mama wa watu anataka kuprinti kadi za kipaimara wewe unamletea pengwini.

Kipepeo
Penguini hajakosea, ametangulia tu. Mama, angalia simu yako ya Android. Ndani yake mfumo una sehemu yake na vitu vyako vina sehemu yao. Ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, vinafutwa vitu vyako na mfumo unabaki. Wewe kwenye laptopu unatafuta kinyume chake: mfumo ufutwe, vitu vibaki.

MamaStationari
Asanteni sana. Ile ya zamani nimeizima, ni HDD ya 320, fundi kaniambia. Laptopu nimeingia Disk Management, nikabofya C, Shrink Volume, inaniambia naweza kupunguza 38000 na kitu tu. Na diski iko tupu zaidi ya 400! Nimeogopa nikafunga.

Mzee wa Kebo
Ulifanya vyema kufunga. Hiyo ni MB, kwa hiyo kama GB 37. Kuna mafaili ambayo Windows haikubali kuyasogeza ikiwa imewaka, na moja likikaa katikati ya diski basi hapo ndipo mpaka.

Tafuta cmd, ifungue kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter. Hilo linaondoa faili la kulaza kompyuta. Halafu zima System Protection ya C, ile inayotunza hali za nyuma za kurudishia mfumo, na kwenye Virtual memory chagua No paging file, yaani faili linaloisaidia RAM liondoke. Washa upya, jaribu tena. Ikikubali, kwenye kisanduku cha kupunguza andika 307200, yaani GB 300 mara 1024. Itatokea nafasi yenye mstari mweusi juu, bofya kulia, New Simple Volume, fuata mpaka mwisho, jina andika KAZI. Ukimaliza rudisha paging file na System Protection kama ulivyovikuta. Usisahau hilo la kurudisha.

Kipepeo
Na kabla fundi mwingine hajaigusa, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha yaliyomo. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja imewashwa na mwenyewe hana habari. D ikiwa imefungwa, window mpya itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo D yako iko salama hata dhidi yako wewe. Uandike kwenye karatasi, uweke mbali na laptopu.

Siku ya kupiga window simama pembeni ya fundi. Kwenye kuchagua diski hataona C wala D, ataona Drive 0 Partition 1, 2, 3. Atambue kwa ukubwa: ya 300 haiguswi. Akianza kubonyeza Delete kila mstari, mshike mkono.

Mtoto wa Pwani
Na uwe na eksteno, diski ya nje ya kuwekea nakala. C na D zako ni diski moja. Ikifa, ikianguka, ikiibiwa, zinakwenda pamoja.

MamaStationari
Imekubali! C 175, D 300, imeandikwa KAZI. BitLocker ilikuwa imezimwa. Nimesevu barua Desktop kisha nikaenda kuitafuta D, nikaikuta. Nimecheka peke yangu dukani. Sasa Mzee wa Kebo, ile ahadi yako ya diski ya zamani?

Mzee wa Kebo
Itoe kwenye kompyuta, nunua kebo ya SATA kwenda USB, ichomeke kwenye laptopu. Windows ikikuuliza kama uifomati, kataa. Pakua PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ni ya bure. Chagua diski ya nje, sehemu iliyokuwa C, na vitakavyopatikana vielekeze D ya laptopu. Kamwe usivirudishe kwenye diski ileile unayookoa. Window mpya imeshakalia sehemu fulani, hayo yamekwenda. Mengine yanaweza kuwepo, ila mengi yatarudi bila majina.

MamaStationari
Wakuu, imefanya kazi usiku kucha. Maelfu ya mafaili, f4819232.docx, f5021184.docx, hivyo hivyo. Nafungua moja moja. Mengine hayafunguki. Mtihani wa darasa la nne wa mwezi uliopita nimeupata, kadi za kipaimara bado, na nimekutana na CV ya kijana mmoja ambaye nilimwambia imefutika. Naomba mniambie, kuna namna ya kuyapanga kwa tarehe au ndiyo nikae nayo hivi hivi?

Mzee wa Kebo
Tarehe za folda zitakudanganya, nyingi zitaonyesha jana. Lakini mafaili ya Word yana tarehe yake ndani. Kwenye folda bofya kulia kichwa cha safu, chagua More, weka tiki Date last saved, kisha panga kwa hiyo. Anza na ya mwaka huu.