Re: Kiyoyozi gani kwa apatimenti ya Phoenix?

Shikamooni wakubwa zangu.

Tumehamia Phoenix, Arizona, mwezi wa tatu, tukitokea Maine. Kiyoyozi cha nyumba nzima kipo, ila kinapuliza uvuguvugu tu. Mwenye nyumba anasema fundi atakuja wiki ijayo, na hii ni wiki ijayo ya tatu. Dukani kuna cha magurudumu, BTU 14,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza), na cha dirishani, BTU 8,000. Mume wangu anataka hicho kikubwa. Nijibuni kabla hajatoa kadi.

Mgeni wenu

---

Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji kadi ibaki mfukoni.

Mimi nilinunua cha magurudumu kiangazi cha 2023, zile siku 31 mfululizo za digrii 110 za Fahrenheit kwenda juu. Kina mpira mmoja mnene wa kutolea joto dirishani. Sasa hewa inayotoka humo ni ya chumbani mwako, kwa hiyo nyingine lazima iingie kushika nafasi yake: chini ya mlango, kwenye nyufa, na inaingia na joto lote la nje. Mpira wenyewe unachemka kama birika hapo hapo ulipokaa. Na hiyo 14,000 isikutishe. Tafuta kwenye boksi namba iliyoandikwa SACC, hiyo ndiyo nguvu halisi ya kupoza. Kwa hivi vya mpira mmoja mara nyingi ni 8,000 hadi 10,000 tu.

Cha dirishani mgongo wake uko nje, joto linaishia huko. BTU 8,000 zinatosha chumba cha futi za mraba kama 350. Ila dirisha liwe la kupandisha juu. La kusukuma pembeni litakulazimu uzibe pengo kwa ubao. Na uchomeke ukutani moja kwa moja, ekstensheni hapana.

Kaka, Glendale

---

Jamani, mbona mnamtumisha mtoto wa watu pesa na kiyoyozi anacho?

Mwanangu, Phoenix kuna sheria: nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi, kiyoyozi hicho lazima kiweze kushusha joto hadi digrii 82 za Fahrenheit. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Mimi nilipiga simu mara tatu, nikaambiwa hakuna kumbukumbu yoyote. Kodi usiikate kwa akili yako mwenyewe, waone kwanza wanasheria wa msaada.

Halafu umetazama chujio? Langu fundi alilitoa vumbi limeshikana kama blanketi.

Na asije mtu akakuuzia kile cha kupoza kwa maji. Juni kinafaa, mvua za Julai zikianza utalala umelowa kama uko Tanga mwezi wa tatu.

Mama, Mesa

---

Asanteni sana. Dirisha letu ni la kusukuma pembeni. Chujio nimelichomoa sasa hivi, jeusi tii. Kesho tunanunua jipya, barua naiandika usiku huu. Mume wangu ananiuliza kama ubao wa kuzibia unauzwa duka lile lile.