Nafasi ya darasa la kwanza: nitoe laki tatu au niache?

MamaLulu
Wakuu, habari za jioni. Lulu katimiza miaka sita, Januari anaanza la kwanza. Tunakaa Tabata. Namtaka shule moja ya serikali huko mjini, zile chache zinazofundisha kwa Kiingereza. Jina silitaji. Ada yake mtu wa kawaida anaimudu, za binafsi ndiyo tunazisikia redioni.

Siku ya fomu nilifika saa kumi na moja alfajiri nikijiona nimewahi. Nakuta karatasi ya daftari imebandikwa getini kwa selotepu, majina yameshafika 140. Watu walilala pale! Kijana mmoja alikuwa anauza namba yake, ya 22, kwa elfu thelathini. Sikununua. Fomu nikapata, mtoto akafanya usaili, jina halijatoka. Sasa kuna mtu anasema nimpe laki tatu "ya walimu", litaingia. Baba Lulu anataka tumpeleke hapa mtaani, ila darasa moja lina watoto zaidi ya mia. Nishaurini.

Kitukuu77
Usitoe. Huyo anakusanya kwa watu ishirini, halafu anakaa kimya. Watano majina yao yangetoka tu, yakitoka anawaambia "si niliwaambia?" Hao kumi na watano watamshtaki wapi? Sheria ya rushwa ya 2007 inambana anayetoa kama anayepokea. Simu ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure.

TichaMstaafu
Mwanangu, mwandikishe hapo mtaani kesho. Mwenye tatizo ni mtoto ambaye Januari hajaandikwa popote.

Halafu subiri. Wazazi wa mjini wanaomba shule tatu kwa mpigo, mtoto ni mmoja. Shule zikifunguliwa kuna viti vitabaki wazi. Andika barua sasa, peleka ofisi ya elimu msingi ya Jiji, nakala yako igongwe mhuri. Na uulize shule zote za mkondo wa Kiingereza. Wengi wanazijua Olympio na Diamond za Upanga tu, lakini halmashauri kadhaa zimeanzisha za kwao.

BabaWawili
Mimi nilipata hiyo nafasi, dada. Wangu yuko la pili. Anaamka saa kumi na nusu. Konda akiona sare anazuia mlango, nauli ya mwanafunzi haimlipi. Jana usiku nimemtoa kijiko mdomoni, amelala na wali haujaisha. Kiingereza anacho, sikatai. Wa kuongea naye ndiyo hana, maana akifika nyumbani ni kulala.

Mzaramo_Halisi
Laki tatu tafuta mwalimu wa twisheni hapo hapo Tabata. Kwisha habari.

MamaLulu
@Mzaramo_Halisi twisheni ya saa mbili na darasa la mia si sawa, kaka. Ila hilo la kijiko limenikaa. Nimemsomea Baba Lulu, kacheka mpaka kakohoa. Yule mtu nimemwambia sina hela, kashuka mpaka laki na nusu papo hapo! Nimeshaelewa. Kesho naandikisha hapa, barua Jumatatu. Ticha, niichapishe?

TichaMstaafu
Kwa mkono inatosha, namba ya simu isomeke. Ambatisha kivuli cha cheti cha kuzaliwa, halisi kibaki kabatini.