Andikeni kwenye boksi simu itakufa lini, sisi mafundi tumechoka kuitwa wezi

Wakuu, habari za usiku. Nimeandika uzi huu nikiwa na hasira, nikiteleza mahali mtanivumilia.

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Kariakoo, mwaka wa kumi na nne huu. Kioo kikipasuka nabadilisha. Ikiingia maji nafungua, nasafisha, nakausha. Hayo ni magonjwa na dawa zake zipo. Kinachonimaliza ni simu nzima, haina hata mkwaruzo, inayoletwa mezani na kosa lake ni moja: mfumo endeshi wake, ile programu mama inayoiendesha simu, umeshindwa kugombea wateja huko walikoutengeneza, kwa hiyo umetupwa.

Jumamosi alikuja mama muuza dagaa, rika la mama yangu mzazi. Akafungua fundo la kanga, ndani kuna kitochi janja, simu ndogo ya vitufe yenye intaneti. Ile nailoni ya kiwandani bado iko juu ya kioo, aliogopa kuibandua. Ana wiki tatu nayo.

"Mwanangu, WhatsApp haikubali tangu niinunue. Binti yangu yuko Muscat, ndiko anakonitumia sauti."

Na boksi alikuja nalo. Kile kialama cha kijani cha WhatsApp kimechapwa hapo mbele, kikubwa kuliko jina la simu. Duka silitaji, wanajijua. Kwa asiyefahamu: vitochi janja vya namna hii vinatumia mfumo endeshi uitwao KaiOS. Juni 2024 WhatsApp ilifunga mlango, mtu mpya haruhusiwi kujiunga kupitia KaiOS, na mapema 2025 ikakata hata waliokuwemo. Mzigo uliobaki stoo ukaendelea kuuzwa na boksi lake lilelile.

Nikamwambia, mama, hii haitengenezeki. Akanitazama wee. "Si useme tu unataka shilingi ngapi." Akadhani namzungusha ili nipandishe bei. Jirani yangu wa meza ya pili anacheka, mimi natokwa jasho. Sasa hapo mwizi ni nani? Mimi?

Na si mara ya kwanza, ndiyo maana nina hasira. Kila mfumo ukishindwa, wenye simu zao wanaletwa kwangu kama majeruhi. Mwaka 2007 Symbian, mfumo wa simu za kina Nokia, ilikuwa na zaidi ya nusu ya simujanja zote duniani. Mwishoni mwa 2010 Android ikaipita. Februari 2011 mkuu wa Nokia, Stephen Elop, akawaandikia wafanyakazi wake kwamba wamesimama juu ya jukwaa linalowaka moto, siku chache baadaye akatangaza wanahamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft. Sawa, ni biashara yao. Lakini aliyekuwa na simu ya Symbian mfukoni hakuandikiwa barua na mtu.

Wateja waliohamia Windows ndio walipigwa vibaya zaidi. Nokia ikawatolea simu za Lumia. Lumia 900 iliingia madukani Marekani Aprili 2012. Juni mwaka huohuo, miezi miwili tu, Microsoft ikatangaza Windows Phone 8 na kusema simu za toleo la 7 haziwezi kupandishwa. Lumia 900 ikiwemo! Mtu kibandiko cha bei hakijamtoka mkononi, anaambiwa simu yake imeshazeeka. Kisha Microsoft wakainunua idara ya simu ya Nokia kwa zaidi ya dola bilioni 7, biashara ikakamilika Aprili 2014, na Julai 2015 wakafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao. Wao hasara yao wanaifuta kwa kalamu. WhatsApp iliposimama kwenye Windows Phone mwisho wa 2019, mteja alifuta nini?

Kuna wanaosema Windows ilikufa kwa kuwa mbovu. Si kweli jamani. Ilikuwa nyepesi, ilikimbia vizuri hata kwenye simu ndogo, mimi nimezishika nyingi. Ilikosa programu. Mwandishi wa programu haangaiki na mfumo wenye watu wachache, na watu hawaji kwenye mfumo usio na programu. Hapo ndipo kitanzi kilipo, na wakubwa wanajua kukikaza. Google haikutengeneza YouTube kamili kwa ajili ya Windows Phone. Mwaka 2013 Microsoft ikajitengenezea yake, Google ikaizima. Huko wanaita ushindani. Huku mteja ananiuliza, "fundi, YouTube yangu imeenda wapi?"

Hata nguvu ya kiwanda haisaidii. Huawei walipowekewa vikwazo na Marekani Mei 2019, Mate 30 ilitoka Septemba bila Play Store. Simu ya bei mbaya, kamera ya maana, halafu mtu anazunguka Kariakoo nzima akitafuta fundi wa "kumwekea Google". Nimekula hela za hao mwanzoni, nakiri. Baadaye nikaacha, maana kila sasisho likija ile kazi inaharibika na mteja anarudi kugombana.

Leo tumebaki na mifumo miwili mikubwa, Android ya Google na iOS ya iPhone. Mnadhani afadhali? Umoja wa Ulaya uliipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34 Julai 2018, kwa sababu mtengenezaji simu akitaka Play Store alilazimishwa kubeba na vitu vingine vya Google ndani yake. Faini hiyo haikugusa meza yangu. Kinachogusa meza yangu ni Android za bei ya chini. Google akitoa toleo jipya, lazima mwenye chipu aliandae kwa chipu yake, kisha mwenye simu alifunge kwenye simu yake. Simu ya laki mbili faida yake imeshaliwa siku ilipouzwa, nani atalipa mainjinia waendelee kuihudumia? Basi haipati kitu. Kioo kizima, chaji nzima, halafu programu ya benki inakwambia toleo lako la Android ni la zamani, kwaheri. Benki siitaji pia, ila wateja wake watatu wamenijia ndani ya mwezi mmoja. Faili la toleo jipya lingekuwepo ningeflashi, yaani ningeiwekea mfumo mpya, kwa nusu saa. Halipo. Unamwelezaje mtu anayetumia simu hiyo kukusanyia mchango wa kikoba?

Wenye hela wao wanaahidiwa. Google ilisema Pixel 8 itapata masasisho miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24, miaka 7 vilevile. Mwenye kitochi janja akaahidiwa kialama cha kijani kwenye boksi.

Ninachodai si miujiza. Pakiti ya maziwa imeandikwa tarehe ya kuharibika. Panadol imeandikwa. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inamtaka mtengenezaji aseme wazi simu itapata masasisho ya usalama mpaka lini. Ulaya tangu Juni 2025 simu mpya zinapaswa kuhudumiwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa. Sisi tulipozimiwa simu feki Juni 2016 tuliambiwa ni kwa usalama wetu, haya, tukakubali, meza zikajaa simu za kuuza vipuri. Mbona hii simu halisi, yenye boksi na risiti, iliyokwisha kufa kabla ya kuuzwa, hakuna anayeizuia pale mzigo unapoingia?

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja hapo chini kaandika "nunueni iPhone muache kulia". Mkuu, kwa heshima zote. Wiki iliyopita kijana kaniletea iPhone 6 aliyoinunua kwa mtu, inang'aa kama imetoka kuoshwa. Hiyo inaishia iOS 12. WhatsApp tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 kwenda juu. Kijana kakaa kwenye stuli yangu kama mtu aliyefiwa, kisha kaniuliza kama naweza kumbadilishia "ndani iwe ya 11". Nawe unaniambia ninunue iPhone.

Na wanaouliza yule mama ilikuwaje. Simu ameniacha nayo, kasema nikipata dawa yake nimpigie. Nimegundua jana wakati wa kufunga kwamba laini yake ya pekee iko humohumo ndani.