Mzazi ametangulia, kabatini mna pasipoti mbili na daftari la tarakimu: tupeane uzoefu

Mwana wa Eastlands: Matanga yamekwisha, wageni wameondoka, kabati la marehemu linafunguliwa. Pasipoti mbili, redio ya masafa mafupi, kamera ndogo kama kidole, daftari la tarakimu tupu. Familia inanong'ona: mzee alikuwa jasusi? Wenye ujuzi, mtu aanzie wapi?

Karani Mstaafu: Msihamishe kitu. Piga picha kila rafu kwanza, kisha kila kundi la karatasi bahasha yake, namba kwa penseli. Usitoe pini za karatasi wala kutia gundi, na laminesheni ni marufuku: joto linaharibu wino na plastiki haitoki tena. Mpangilio aliouacha ni ushahidi kuliko karatasi moja moja.

Masafa Mafupi: Redio isiwatishe. BBC kwa Kiswahili ilianza 1957, Deutsche Welle 1963, na Moscow nayo ilitangaza kwa Kiswahili. Nyumba nyingi za wasomi zilikuwa na redio hiyo. Angalieni daftari. Tarakimu zikiwa makundi ya tano tano, hesabuni kila tarakimu imetokea mara ngapi. Katika tarakimu 500, kila moja ikikaribia mara 50, huenda ni ufunguo wa kuficha na kufichua ujumbe wa siri. Moja na mbili zikizidi sana mwanzoni mwa namba, hizo ni hesabu za duka.

Mama Halima: Choma yote. Siri ya marehemu izikwe naye.

Karani Mstaafu: Mama, kwa heshima, hapana! Humo ndimo mna hatimiliki na barua ya pensheni. Ukichoma, mirathi itawakwama miaka.

Mama Halima: Basi toeni hatimiliki, mengine mchome. Mjane ndiye atakayeulizwa maswali, si nyinyi.

Fundi Picha: Niruhusuni kwenye kamera, maana hapa ndipo watu hupoteza kila kitu. Kama ni Minox, ile kamera ndogo iliyopendwa na majasusi, msiifungue na kuifunga kwa kuchezea: mifano mingi ya zamani husogeza filamu kila inapofungwa. Filamu yake ina upana wa milimita 9.2 na picha ni 8 kwa 11, haikai kwenye rili ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Nyeusi-nyeupe ikiingizwa kwenye mashine ya rangi imekufa, kwa sababu dawa ile huondoa madini yote ya fedha, na madini hayo ndiyo picha yenyewe. Unabaki na plastiki safi. Mwambieni fundi aioshe kwa mkono, gizani, akitumia dawa ya nyeusi-nyeupe. Mkiikuta na mnyororo, huo hupima umbali wa kunakili karatasi. Lakini watalii pia waliinunua, kwa hiyo kamera peke yake si kesi.

Dada wa Umoja: Kweli kabisa kuhusu mashine ya rangi.

Wakili wa Ngara: Tazameni majina na tarehe. Special Branch, kitengo cha polisi cha ujasusi hapa Kenya, iligeuzwa idara nyingine 1986; idara ya ujasusi ikaitwa NSIS kwa sheria ya 1998, kisha NIS kwa sheria ya 2012. Kitambulisho cha "NIS" cha 1990 ni cha bandia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Usalama wa taifa ni kizuizi, ila habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 haidhaniwi kuzuiwa hadi ofisi ithibitishe. Ukinyimwa, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Masafa Mafupi: Watanyimwa tu, wakili. Unawapa matumaini ya bure.

Wakili wa Ngara: Barua ya kukataa nayo ni karatasi, na unaikatia rufaa.

Msomaji wa Nyaraka: Na faili si ushahidi wa ujasusi. Jomo Kenyatta ana faili la MI5, idara ya usalama ya Uingereza, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London, mfululizo wa KV 2, kwa sababu *alifuatiliwa*. Aliyesoma Moscow au Ujerumani Mashariki huenda aliandikwa vivyo hivyo. Kumbukumbu za Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, zimo katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, tangu 2021, na jamaa wa karibu wa marehemu anaweza kuomba. Someni vizuri kama anatajwa kama mtoa habari au kama mtu aliyechunguzwa.

Mama Halima: Pasipoti mbili mara nyingi ni nyumba mbili. Linganisheni mihuri na risiti za karo.

Karani Mstaafu: Hapo tumekubaliana, mama. Na mkienda kwa rafiki zake wa zamani, msiulize "alikuwa jasusi?" Ulizeni nani alimpokea uwanja wa ndege, na alilala kwa nani.