Bangili ya parakodi imeniaibisha mlima Rungwe, nisuke vipi ifunguke haraka?

Kijana wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na wenzangu wanne tuna tabia ya kupanda milima wikiendi. Tulianza na Loleza, tukaenda Ngozi, mwezi uliopita tukajitosa Rungwe. Kusuka parakodi, ile kamba nyembamba ya nailoni ya parachuti, nimejifunza kwenye simu, nikajitengenezea bangili ya msuko wa kobra, karibu mita 3 za kamba mkononi. Nilitamba nayo mtaani kwelikweli.

Siku ya Rungwe mvua ikatukuta msituni. Nikawaambia wenzangu tulieni, kamba ninayo. Jamani! Ncha nilizichoma kwa kiberiti zikagandana na msuko, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nafumua kifundo kimoja kimoja kama mtu anayefumua rasta, wenzangu wamejibanza chini ya mti wananitazama tu. Hadi turubai linasimama tumelowa mpaka soksi. Haikupita muda kamba ikalegea yenyewe, maji yakajaa katikati ya turubai, yakatushukia yote.

Kuna msuko unaofunguka upesi? Nitajuaje kama kamba niliyouziwa ni yenyewe? Na ule mteremko wa kushukia ziwani Ngozi unateleza balaa, naweza kujifunga nayo?

Mchoma Mahindi
"Kama mtu anayefumua rasta" 😂😂 Poleni mkuu.

Begi Mgongoni, Iringa
Naanza na la mwisho maana ndilo litakaloleta msiba. USIJIFUNGE. Ile namba 550 wanayoitangaza kwenye parakodi ni ratili za uzito inaoweza kubeba, kama kilo 250, tena kwa kamba mpya iliyonyooka na mzigo uliotulia. Ukishapiga fundo, karibu nusu ya nguvu inaweza kupotea. Na mtu akiteleza, ule mshtuko wa kudakwa na kamba unazidi uzito wake mara kadhaa. Halafu ni nyembamba, milimita 4 hivi, hata ukiishika kwa mikono itakuchana viganja. Pale Ngozi shuka na fimbo, au ukae juu upige picha.

Kujua kama ni yenyewe, kata ncha uchungulie ndani. Unatakiwa ukute nyuzi 7, kila moja imesokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au tatu. Ukikuta kitu kama pamba kimejazwa humo, umeuziwa pambo. Mimi zile nyuzi za ndani ndizo zimenifaa kuliko kamba yenyewe. Mkanda wa begi uliwahi kunikatikia Udzungwa, nikachomoa uzi mmoja nikashona kwa sindano ya magunia. Mpaka leo upo.

Mama Vitambaa, Makambako
Mwanangu, achana na kobra. Wewe hujawahi kuona mama yako anafuma vitambaa vya makochi? Ule mnyororo wa kuanzia ndio unaoutaka. Tengeneza kitanzi, pitisha kamba humo utoe kitanzi kingine, endelea hivyo hivyo hadi mwisho, kisha ncha uipitishe ndani ya kitanzi cha mwisho ili ijifunge. Ukiwa na shida unaichomoa ile ncha, unavuta, kamba yote inafumuka trrrr. Sisi ikitufumukia tunalia, wewe utashangilia.

Begi Mgongoni, Iringa
Mama umemaliza. Ila mkuu, usivae mkononi, ning'iniza kwenye mkanda wa begi. Bangili ngumu ikinasa kwenye tawi wakati unateleza, mkono unabaki nao.

Mzee wa Tukuyu
Kijana, kamba yako haikuwa na kosa. Hiyo ni nailoni, na nailoni ikinywa maji inarefuka. Katani ya zamani ilikuwa kinyume, ikilowa inakaza mpaka fundo hulifungui, na ukiihifadhi mbichi inaoza. Huku kwetu mvua haina hodi, kwa hiyo kwa turubai mimi nabeba manila ya kawaida ya sokoni, ile ya plastiki. Hainywi maji. Ubaya wake inateleza kwenye fundo, ongeza mzunguko mmoja, na jua likiipiga miezi mingi inakuwa kama makapi. Ukibaki na parakodi yako, funga fundo unaloweza kulisogeza kwa mkono, ukisikia turubai linapigapiga toka ukakaze tena. Usisubiri maji yakuamshe.

Na chochote utakachosuka, kijaribu nyumbani kwanza. Tumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji yaliyolala nje, uihesabu dakika moja, ndipo ufungue.

Kijana wa Uyole
Mrejesho wakuu. Kamba ni yenyewe, nimekuta nyuzi 7. Jana alfajiri nimefanya la ndoo, mdogo wangu anashika saa. Kobra nimeiacha njiani, dakika 6 zimepita na bado nusu. Mnyororo wa Mama, mara ya kwanza nilivuta ncha isiyo yenyewe, ukazidi kukaza, mdogo wangu akanicheka. Mara ya pili hata kuhesabu hakuwahi. Sasa ile ncha ya kuvuta nimeipiga kifundo kidogo niipapase gizani. Manila nanunua Mwanjelwa Jumamosi.

Mama Vitambaa, Makambako
Hicho kifundo kisiwe kikubwa kuliko kitanzi cha mwisho, hakitatoka.