Naomba ushauri: tuanze na msamaha au na ukweli?

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu. Nimepewa kazi ya kuongoza vikao vya upatanisho kati ya watu walioumizana wakati wa machafuko, na nimekwama. Kikao cha kwanza mama mmoja alikaa na picha ya mwanawe mapajani. Tulipotaja msamaha akaigeuza kifudifudi, akasema, "Kwanza nionyesheni kaburi lake." Sikuwa na jibu.

Nimesoma kuhusu Afrika Kusini. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Desmond Tutu, ilianza kusikiliza watu mwaka 1996, na aliyeeleza yote kuhusu makosa yake ya kisiasa aliweza kusamehewa kisheria. Waathirika walisubiri fidia hadi 2003: randi 30,000, mara moja tu, pungufu ya ilivyopendekeza tume. Hilo linaniuma sana. Rwanda nao, baada ya mauaji ya kimbari, walikuwa na gacaca, yaani mahakama za kijamii, ambako majirani walisikiliza kesi na adhabu zikatolewa.

Je, niendelee na vikao, au nisimamishe mpaka waliohusika waseme miili iko wapi? Na kama uliwahi kuwa upande wa wakosaji, nini kilikufanya ufunguke?