Mjadala: Yadi zilazimishwe kuandika aina ya giaboksi kwa kioo cha gari, ama mnunuzi ajipange mwenyewe?

Mleta mada

Wadau hamjambo. Juzi nilikuwa Ngong Road nikimsindikiza shemeji yangu kutafuta gari, tukaingia yadi tatu, na zote tatu nikauliza swali moja tu, hii giaboksi ni ya aina gani na oili yake ilibadilishwa lini. Wa kwanza akaniambia "ni otomatiki bosi". Wa pili ati ni ya kompyuta. Wa tatu akacheka, akasema gari imeshuka Mombasa wiki mbili zilizopita, hiyo haijui shida. Yaani mtu anatoa zaidi ya milioni na hakuna anayeweza kumwambia kile kitu kinachozungusha magurudumu ni kitu gani.

Nasema hivi nikiwa na kidonda. Toyota Fielder yangu, modeli ya NZE141, niliikuta yadini saa nne asubuhi ikinguruma polepole, boneti ina joto kama sufuria ya chai, nikadhani kuna mteja ameirudisha sasa hivi. Kumbe walikuwa wameipasha moto wakinisubiri. Nikaizungusha hapo karibu, laini kabisa, nikalipa. Asubuhi ya tatu nyumbani Umoja, injini baridi, naweka R nirudi nyuma, kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, halafu gari inaruka kama imepigwa teke kutoka nyuma. Nikampelekea makanika wa mtaani, akamwaga oili, akajaza ATF nyekundu, ile oili ya otomatiki ya gia, kutoka kwa mtungi, akisema otomatiki ni otomatiki. Hiyo gari ni CVT jamani, otomatiki isiyo na gia, inatumia mkanda na puli! Wiki mbili baadaye napanda Waiyaki Way kuelekea Kangemi, mshale wa RPM, mizunguko ya injini, umefika 4,000 lakini gari haiendi, matatu za 23 zinanipita kushoto kulia. Giaboksi nyingine nilinunua Kirinyaga Road kwa pesa ambayo ilikuwa karo ya muhula.

Sasa hoja yangu. Serikali ina sheria gari inayoingia nchini isizidi miaka 8, iwe ya usukani wa kulia, ikaguliwe huko inakotoka kabla haijapanda meli. Sawa, lakini kile cheti ni cha kusema gari inafaa barabarani, hakikuambii lolote kuhusu oili iliyo ndani ya giaboksi. Mimi nataka yadi ilazimishwe vitu viwili, iandike code ya giaboksi, zile herufi na nambari za aina yake, kwa kioo cha mbele pamoja na kilometa na lini oili ilibadilishwa, na imruhusu mnunuzi aje aiwashe ikiwa baridi. Mnaonaje?

Dereva wa Probox

Mkuu pole, lakini wewe ulijiletea. Giaboksi ya otomatiki haiguswi. Binamu yangu alikuwa na Premio inateleza kidogo tu, wakambadilishia oili, haikumaliza mwezi. Mimi Probox yangu ya zamani ile ya gia nne imebeba mzigo wa Gikomba miaka, sijawahi kumwaga hata tone na inaenda. Oili chafu ndiyo inashikilia hizo klachi, ukiitoa umeua. Sheria ya nini, acheni vitu vilivyotulia vitulie.

Fundi wa Industrial Area

Dereva, soma tena ulichoandika: "inateleza kidogo tu". Basi ilikuwa mgonjwa kabla ya oili. Mimi naletewa hizo kila wiki, mtu anakaa na gari mpaka ianze kuteleza ndiyo anakumbuka kubadilisha, ikifa analaumu oili mpya. Ni kama kusema hospitali inaua kwa sababu jirani yako alipelekwa dakika ya mwisho.

Sikatai kuna ukweli kidogo hapo. Giaboksi ya gia, klachi zikiisha, ule unga wake unaelea kwa oili na unasaidia kushika, ukiweka oili safi yenye sabuni kali inang'oa uchafu wa zamani na unaweza kuziba njia ndogo za valvu. Ndiyo maana gari yenye kilometa nyingi bila historia sikubali kuitia kwa mashine ya kusukuma oili yote mara moja. Namwaga kwa plagi. Hapo inatoka karibu nusu, iliyobaki inajificha kwa konveta, kile kifaa kati ya injini na giaboksi. Najaza kiasi kile kile, mteja anaendesha wiki mbili hivi, anarudi, tunarudia. Piga hesabu: mara ya kwanza umebaki na nusu ya oili kuukuu, ya pili robo, ya tatu moja ya nane. Polepole, giaboksi haishtuki.

Na kabla ya yote hayo nafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Chini kuna sumaku. Kukiwa na kitu cheusi laini kama masizi yaliyochanganywa na grisi, nasugua kwa vidole na hakikwaruzi, hiyo ni kuchakaa kwa kawaida, napangusa naendelea. Nikikuta vijiti vya chuma vinachoma ngozi, naweka spana chini naita mwenye gari aje aone kwa macho yake, kwa sababu hapo oili haitasaidia mtu.

Hii ya "haiguswi" inatoka kwa neno la watengenezaji, ati oili ya maisha. Maisha ya nani? ZF ya Ujerumani ndiyo inaunda giaboksi za BMW nyingi. BMW ilikuwa inawaambia wateja oili ni ya maisha, na ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, ama miaka 8. Hesabu hiyo miaka 8 na sheria yetu, uone gari inaingia Nairobi ikiwa imefika wapi. Halafu unaipeleka jam ya Mombasa Road, joto, simama-enda-simama, saa mbili.

Muuza magari

Wacha niongee kwa niaba ya sisi wabaya. Gari nainunua mnadani Japani kwa karatasi, inaniambia gredi ni 4, imekwaruzwa mlango wa kushoto, kilometa ni ngapi. ATF haimo. Sasa mnataka niandike ilibadilishwa lini, nitoe wapi? Nidanganye? Na mkisema nibadilishe oili ya magari 30 yaliyo yadini, mjue nani atalipa, ni nyinyi. Tena niwaambie ukweli, mteja akija anauliza rimu, anauliza redio ya skrini kubwa, anauliza kama kuna kamera ya nyuma. Miaka yote niliyouza sijaulizwa giaboksi mara kumi. Kupasha gari moto tunafanya kwa sababu betri zinalala, si kila kitu ni njama.

Mleta mada

Muuza magari, hapo kwa tarehe ya oili umenishika, nakubali huwezi kujua, nafuta hiyo. Lakini code unayo! Fungua boneti, ama angalia nguzo ya mlango, kuna kibati cha alumini kina nambari ya chasisi, rangi, na mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kwa Toyota ikianza na K, kama K310, hiyo ni CVT. Ikianza na U ama A, kama U340E ya Fielder ya zamani NZE121, hiyo ni otomatiki ya gia. Ni dakika moja na kalamu ya kioo. Na gari inaweza kupashwa moto jioni pia, si lazima iwe dakika kumi kabla mimi sijafika.

Kwa nini nang'ang'ania hiyo herufi, ni kwa sababu jina la gari halikuambii. Fielder ya 121 ni gia nne, 141 yangu ni CVT. Probox ya Dereva ni gia nne, lakini iliyotoka 2014 kuja mbele iko na CVT. Subaru Forester SH gia nne, SJ ni CVT. Mtu akisikia rafiki yake amesema "mimi nilifanya hivi kwa Fielder" anaenda kufanya vile vile, na hizo si gari moja.

Fundi wa Industrial Area

Na oili zake si ndugu. CVT ina mkanda wa chuma katikati ya puli mbili, hakuna meno, kinachofanya mkanda usiteleze ni msukumo wa puli na oili yenyewe, imetengenezwa ipunguze joto na bado iache chuma kishike chuma. Ukiweka ATF, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na puli ikishakwaruzwa hairudi. Kwa Toyota CVT tafuta TC ama FE kulingana na kitabu, za gia ni T-IV kwa zile za zamani na WS kwa za baadaye. Nissan CVT ni NS-2 ama NS-3. Rangi isikudanganye, soma chupa.

Kitu kingine, giaboksi nyingi za sasa hazina dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili inapimwa kwa plagi ya chini, injini ikiwa inanguruma, oili ikiwa na joto la karibu digrii 40, unafungua plagi, ya ziada inatoka mpaka inabaki kudondoka kidogo kidogo. Makanika anayepima kwa macho bila skana ya kusoma joto anabahatisha, na ikipungua lita moja hutajua mpaka mlimani.

Dereva wa Probox

Sawa, ya CVT nimesikia. Yangu bado siigusi.

Fundi wa Industrial Area

Kama haitelezi na R inashika mara moja asubuhi, ilete Jumamosi tufungue sampu tu tuangalie sumaku. Nikikuta vijiti nitakurudishia hivyo hivyo, sitamwaga kitu.

Mama Vitz

Jamani mimi nilikuwa nasoma tu kimya, nimeshuka parking sasa hivi na tochi ya simu. Kibati kimeandikwa K410. Na nina risiti ya Machi hapa, fundi ameandika "ATF lita 4". Nifanye nini?

Mleta mada

Mama, hiyo ni CVT. Usiiwashe kesho. Mpigie huyo fundi kwanza umuulize chupa ilikuwa imeandikwa nini, maana wengi wanaandika ATF kwa risiti hata kama wameweka ya CVT. Akisema nyekundu ya kawaida, itafutie mtu wa kuivuta.